Kazi ya Mashaka na Kipimo Chake

  Leo ni zamu ya historia.

Nitaanza na swali. Mtu akipiga hodi kwako, ameshika daftari na kalamu, akakuuliza, "Je, una kazi?" utamjibu nini?

Nawafahamu wanafunzi wa madarasa ya jioni, na najua wengi wenu mtasita. Jumatatu ulibeba kokoto kwenye jengo. Jumanne ulirauka, ukafika getini, ukaambiwa watu wametimia. Jumatano ulifua nguo za watu. Alhamisi hukupata kitu. Ukijibu "ndiyo", hujasema kweli yote. Ukijibu "hapana", hujasema kweli vile vile. Lakini daftari la yule mgeni lina nafasi mbili tu, ndiyo na hapana. Basi anatia alama mahali pamoja, anakwenda zake, na hesabu ikifika ofisini wewe na karani wa benki mmekuwa watu wa safu moja.

Kosa hilo si dogo. Kuna madaktari na wataalamu ambao kazi yao si kumtibu mgonjwa mmoja mmoja, bali kuchunguza afya ya watu wengi kwa pamoja, wajue ni nani huugua sana na kwa nini. Wakimweka mtu wa kazi ya mashaka safu moja na mtu wa mshahara wa mwezi, basi maradhi yaletwayo na mashaka hayo hayaonekani. Yanafichwa ndani ya wastani. Wastani, mnakumbuka, ni jumla iliyogawanywa kwa idadi ya watu. Mmoja akila kuku mzima na mwenziwe akalala njaa, wastani husema kila mmoja amekula nusu ya kuku.

Katika somo la leo utasikia jinsi watu walivyojifunza kuipima kazi ya mashaka. Walikosea mara nyingi, na mengine ya makosa yao tunayo hata leo.

Tuanze na neno, maana neno ni letu. Kibarua ni barua ndogo. Zamani katika pwani hii mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi au alama fulani, naye alikitoa wakati wa kudai malipo yake. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Katika karne ya 19 wengi wa vibarua wa Mombasa walikuwa watumwa. Bwana alimtoa mtumwa wake akafanye kazi kwa mtu mwingine, na ujira wa siku wakagawana. Mwaka wa 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika nchi ambayo leo ni Kenya, lakini neno halikufutwa. Watu huru waliendelea kuitwa kwa jina la karatasi.

Sasa tuiache Mombasa kidogo, tutairudia. Twende London. Huko ndiko kazi ya namna hii ilikoandikwa kwa hesabu mapema, na wakubwa waliokuja kuitawala bandari yetu walikuja na mawazo waliyoyapata huko.

Mwaka wa 1849 mwandishi wa gazeti aitwaye Henry Mayhew alikwenda asubuhi kwenye malango ya bandari ya London. Alikuta watu wamejazana, wanasukumana, wengine wamepanda migongoni mwa wenzao ili waonekane. Walimwita msimamizi kwa jina, kila mmoja akitumaini atatazamwa yeye. Waliochaguliwa waliingia. Waliobaki walisimama pale pale, huenda baadaye akahitajika mtu mmoja. Mayhew hakutosheka na kutazama. Alichukua hesabu za meli zilizoingia wiki kwa wiki, akaona zinapanda na kushuka, na idadi ya watu wanaoajiriwa inapanda na kushuka pamoja nazo. Upepo ukivuma vibaya, meli zilishindwa kuupanda mto Thames, na maelfu ya nyumba zilikosa mkate. Wewe unayeishi pwani unaelewa upesi. Watu wa majahazi walikwisha jua habari hiyo bila kuandikiwa na mtu: kusi na kaskazi ndizo zilizopanga nani ale lini.

Miaka karibu 40 ikapita. Mwaka wa 1888 kamati ya Bunge la Uingereza ilikuwa ikichunguza hali za wafanya kazi. Mbele yake akaja Bwana mmoja, Kanali Birt, meneja wa bandari ya Millwall. Angalieni, huyu hakuwa mtetezi wa makuli. Alikuwa tajiri wao. Ujira wakati ule ulikuwa peni 5 kwa saa. Kanali Birt alieleza kuwa wako watu wanaofika kazini hawajala kitu, pengine tangu jana yake. Hufanya kazi saa moja, njaa ikawashinda, wakachukua peni zao 5 wakaenda kununua chakula. Na wengine, alisema, ikifika saa kumi jioni hulazimika kuacha, kwa kuwa nguvu zimekwisha.

Mimi huona ya kuwa hapo ndipo kipimo cha afya kilipoanza, ingawa hakuna aliyekiita hivyo. Ukitazama daftari la bandari, utaona imeandikwa: fulani, saa moja, peni 5. Mtu asiyejua atasema fulani ni mvivu. Anayejua atasoma njaa katika ile saa moja. Tarakimu ni ile ile.

Wakati huo huo alikuwapo tajiri mwingine, mwenye meli, jina lake Charles Booth. Watu walikuwa wakibishana kuhusu idadi ya maskini wa London, naye akaona ubishi hautaisha bila hesabu. Mwaka wa 1886 akaanza uchunguzi, na haukumalizika kuchapishwa mpaka miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Vitabu vilikuwa 17. Hakuweza kuingia kila nyumba yeye mwenyewe, basi aliwatumia maofisa wa elimu waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika watoto wa umri wa kusoma. Hao walijua baba anafanya nini, analeta nini, na lini haleti kitu. (Mimi kama ofisa wa elimu nafurahi kuisimulia sehemu hii.) Kisha akachora ramani ya mji, kila mtaa na rangi yake. Mtaa wa watu wa chini kabisa ulitiwa rangi nyeusi, na wa wale wanaoishi kwa kazi ya kubahatisha ulitiwa buluu iliyokoza.

Hesabu yake ilitoka hivi: katika kila watu 100 wa London, 30 na zaidi kidogo walikuwa maskini. Mji ule ulikuwa tajiri kuliko yote duniani, na watu walishtuka.

Lakini lililo muhimu kwa somo letu ni namna alivyowagawa. Booth aliwapanga watu katika mafungu manane, akayapa herufi, kuanzia A mpaka H. Fungu B walikuwa watu wa kazi ya kubahatisha, leo ipo kesho haipo. Fungu C, kazi yao ilikuja kwa majira. Fungu D walikuwa na kazi ya kila siku, lakini ujira mdogo. Unaona alilolifanya? Aliutenga udogo wa fedha na kutotulia kwa fedha. Kabla yake watu waliuliza tu, "Unapata kiasi gani?" Yeye akaongeza, "Na unakipata kila wiki?" Watu wa fungu C na D aliwaona kuwa wote ni maskini, lakini hakuwachanganya, kwa sababu shida zao si za namna moja. Mwenye kidogo cha kila Jumamosi huweza kukigawanya. Asiyejua kama Jumamosi italeta kitu atagawanya nini?

Booth aliuliza pia sababu. Watu wengi wenye heshima walikuwa wakisema maskini ni maskini kwa ajili ya ulevi. Alichukua habari za jamaa maskini kiasi cha 4,000 za upande wa mashariki ya mji, akaona kuwa katika zaidi ya nusu yao sababu kubwa ilikuwa ni kazi yenyewe, ama haipatikani daima, ama inalipa kidogo. Ulevi ulikuwapo, lakini ulikuwa sehemu ndogo.

Na hata hivyo Booth alikuwa na kosa lake, nami sitalificha kwa sababu nimemsifu. Baada ya kuhesabu vizuri hivyo, aliwatazama watu wa fungu B akasema hawana tabia ya kazi. Akapendekeza serikali iwaondoe mjini, iwaweke katika makambi ya kazi, ili wale wa fungu C na D wapate nafasi. Yaani aligundua ya kuwa kazi ndiyo isiyotulia, kisha akamlaumu mtu kwa kutotulia. Pendekezo lake halikutekelezwa. Ila fikira yenyewe ilisafiri mbali, kama tutakavyoona.

Tarehe 14 Agosti 1889 makuli wa London waligoma. Walidai peni 6 kwa saa badala ya 5. Hilo linakumbukwa na kila mtu. Lakini walidai jambo la pili, nami naliona kubwa zaidi: mtu akiitwa kazini asiitwe kwa muda usiotimia saa 4. Walikwisha kuelewa, bila kitabu cha Booth, kwamba kuongeza bei ya saa hakusaidii kama saa yenyewe ni moja. Makuli na wafanya kazi wa Australia waliwapelekea msaada wa fedha, karibu paundi 30,000, na katikati ya Septemba walishinda madai yote mawili. Hata hivyo kusimama malangoni hakukuisha. Mpaka mwaka wa 1947 ndipo ulipoanza mpango wa Uingereza nzima kwamba kuli aliyeandikwa, akija akakosa kazi, alipwe fedha kidogo kwa kuja kwake. Mpango huo ulifutwa mwaka wa 1989.

Basi, 1947. Tumerudi Mombasa.

Tarehe 13 Januari ya mwaka huo huo, wafanya kazi wapatao 15,000 wa mji huu waligoma kwa pamoja. Makuli wa Kilindini, watu wa reli, watumishi wa mahoteli na wa majumbani, wote. Walikutana kila siku katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Kodi za vyumba zilikuwa zimepanda, vitu ni ghali, ujira hautoshi. Mgomo uliendelea siku 12. Kiongozi aliyejulikana sana, Chege Kibachia, alikamatwa miezi michache baadaye na kupelekwa mbali na pwani.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuona mgomo mwingine mwaka wa 1939, na kila mara ilijiuliza swali lile lile: tufanye nini na hawa vibarua? Wakubwa walijua habari za London. Wakasema kibarua ni mtu wa hatari, hana makao, haogopi kufukuzwa kwa sababu hana pa kufukuzwa. Dawa ni kuwaandika watu wachache, kuwapa kazi ya daima, na kuwaondoa wengine. Katika miaka ya 1950 jambo hilo lilifanyika. Kuli aliandikwa katika daftari, siku zake zikahesabiwa, na yule ambaye siku zake hazikutosha jina lake liliondolewa.

Babu yangu alikuwa mmoja wa makuli hao. Alikuwa na minazi na mihogo yake Mtongwe, ng'ambo ya kivuko. Alipotaka fedha ya kodi au ya nguo, alivuka, akasimama kwa serehangi wa genge lake, akafanya kazi. Asipotaka, hakuvuka. Alituambia kuwa kazi ya kutwa ilikuwa raha yake, kwa kuwa hakuna aliyemwamsha. Rafiki yake mkubwa alikuwa mzee mmoja aliyetoka bara, aliyepanga chumba Majengo. Naye alikuwa kibarua, genge lile lile, ujira ule ule. Meli zikikosekana, babu aliuza madafu. Rafiki yake alijificha mwenye chumba asimwone. Babu alikuwa akimpelekea mihogo, na yule mzee, kwa aibu, alikuwa akisema amekwisha kula.

Tuseme mwezi fulani wote wawili walifanya kazi siku 12. Katika daftari la bandari wao ni sawasawa, siku 12 na siku 12. Na mkubwa wa Kizungu aliyelisoma daftari aliona watu wawili wavivu. Lakini mmoja alikaa kwa hiari siku zile nyingine, na wa pili siku hizo alisimama getini asiitwe. Mmoja nyuma yake kuna shamba, wa pili nyuma yake kuna ukuta. Ukitaka kujua ni yupi atakayeanza kukohoa, atakayekosa usingizi, atakayekunywa pombe ili alale, daftari halikuambii. Wanahistoria waliozichunguza karatasi za bandari ile wameandika kwamba watu wengi wa pwani waliipenda kazi ya kutwa kwa sababu hiyo ya babu. Kwa hiyo kuhesabu siku peke yake hakutoshi. Inatakiwa kuuliza mtu ana nini cha kumshika akianguka.

Mpaka hapa tumezungumza njaa. Lakini je, mashaka yenyewe, hata tumbo likiwa limeshiba, yanaweza kuuguza? Zamani ilikuwa vigumu kujua. Ukikuta kibarua mgonjwa, mtu atakuuliza: kazi ya mashaka ndiyo iliyomwuguza, au ugonjwa ndio uliomtoa katika kazi nzuri akaishia hapo? Ukimtazama siku moja tu, huwezi kujibu. Sharti umfuate miaka.

Jibu moja lilitoka mahali ambapo hungelitarajia, kwa makarani wa serikali ya Uingereza. Tangu mwaka wa 1985 wachunguzi mjini London, wakiongozwa na daktari Michael Marmot, waliwaandika watumishi 10,308 wa idara 20 za serikali, wakawa wanawapima na kuwauliza mara kwa mara. Hawa walikuwa watu wa kazi ya daima, wenye viti na pensheni. Miaka ya 1990 ilipoanza, idara moja, iliyokuwa ikisimamia majengo ya serikali, ikatangaziwa kwamba itauzwa kwa watu binafsi. Idara nyingine hazikuguswa. Mtaalamu mmoja katika kundi hilo, Jane Ferrie, aliona ya kuwa bahati imewaletea mtihani ulio tayari. Watu walikwisha kupimwa kabla ya habari kuja. Sasa wangepimwa tena baada ya habari, na kulinganishwa na wenzao wasiotishwa.

Walikuta kwamba watumishi wa idara ile walianza kusema afya yao imepungua kabla ya mtu yeyote kupoteza kazi. Mshahara ulikuwa haujaguswa. Walichokuwa nacho ni habari tu. Mtu wa Kilindini wa mwaka 1939 asingelishangaa, lakini sasa ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo tajiri hawezi kuikana kwa urahisi.

Tuvuke tena, mara hii mpaka Hispania. Huko mwaka wa 1984 sheria ilibadilishwa, matajiri wakaruhusiwa kuwaandika watu kwa mikataba ya muda mfupi kwa wepesi zaidi. Katika miaka ya 1990 karibu mtu mmoja katika kila watatu wanaolipwa mshahara alikuwa na mkataba wa muda. Wachunguzi wa afya wakapata kazi. Mwanzo walifanya kama yule mgeni wetu wa daftari: waliuliza tu, mkataba wako ni wa daima au wa muda? Lakini majibu hayakupatana. Mara wenye mikataba ya muda walionekana wagonjwa zaidi, mara hawakuonekana hivyo. Ilikuwa dhahiri kwamba swali ni jembamba.

Hapo wataalamu wa mjini Barcelona, kundi la Bwana Joan Benach, walitengeneza kipimo kipya, na mwaka wa 2010 Bibi Alejandra Vives pamoja na wenzake walikichapisha. Kilikuwa na pande sita. Muda wa kazi ulikuwa upande mmoja tu. Waliuliza habari za mshahara, kama unakidhi mahitaji na kama dharura ikija utaimudu. Waliuliza kama mfanya kazi ana kauli yoyote katika kupanga masharti yake, au huletewa tu karatasi atie sahihi. Waliuliza haki zake, kama vile likizo.

Mambo hayo mtu yeyote mwenye akili angeweza kuyafikiri. Mawili yaliyosalia ndiyo yanayonifanya nikipende kipimo hiki. La kwanza: unaweza kuitumia haki yako? Si kama unayo. Ukiugua leo, unaweza kwenda zahanati bila kuogopa kwamba kesho jina lako halitaitwa? Ukitaka ruhusa ya kumzika mjomba, unaiomba, au unanyamaza? La pili: unatendewaje? Unaweza kudai hali bora bila kutishwa, au unafanywa uone kuwa wengine 20 wanangoja mahali pako?

Kila upande ulipewa alama kuanzia 0 mpaka 4, kisha wakatafuta wastani wa pande zote. Walipolinganisha alama hizo na afya ya akili ya watu, yaani huzuni, wasiwasi, na kukosa usingizi, waliona kitu kama ngazi. Kila alama za mashaka zilipopanda daraja, idadi ya wenye shida ilipanda nayo. Na hata watu wenye mikataba ya daima walikuwamo katika ngazi hiyo. Karatasi ilisema wana kazi ya maisha, moyo ulisema vingine.

Sasa geuka utazame kwetu. Kenya ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Katika kifungu cha 37 imeandikwa ya kuwa kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, basi ahesabiwe kama mtu wa mkataba wa mwezi, mwenye haki zinazofuatana nao. Maneno hayo ni mazuri. Msomee jirani yako anayefanya kazi ya kutwa, kisha umwulize swali la Barcelona: unaweza kuitumia? Utamwona anacheka.

Kipimo hicho, walakini, kilishonwa kwa mwili wa mtu mwenye mwajiri. Mama anayeuza mboga, kijana wa bodaboda, fundi wa jua kali, mwajiri wake ni nani? Mwaka wa 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walikuja Kenya, wakaandika ripoti iliyosikika duniani kote kuhusu watu wa namna hiyo. Walisema si watu wasio na kazi. Wanafanya kazi sana, ila hesabu za serikali haziwaoni. Kipimo cha mashaka yao kingali kinatafutwa, na sidhani kitapatikana Barcelona.

Nina deni la kukiri. Mwaka juzi nilikagua darasa moja la jioni katika wilaya yangu. Katika daftari la mahudhurio, jina la mama mmoja lilikuwa na alama ya "hayupo" mara 9 kwa mwezi. Nikaandika katika ripoti kwamba mwanafunzi huyo hana bidii. Miezi miwili baadaye nilimkuta njiani, tukazungumza. Alikuwa akisimama kwenye lango la kiwanda mpaka giza liingie, kungoja kama wataita watu wa zamu ya usiku. Wakiita, anaingia. Wasipoita, darasa limekwisha. Kichwa kilikuwa kikimwuma tangu Ramadhani, na zahanati hufunguliwa wakati ule ule ambapo huita watu wa zamu ya asubuhi. Aliyasema yote hayo bila kulalamika, kisha akaniomba msamaha kwa kukosa darasa. Mimi ndiye niliyepaswa kumwomba. Nilifanya kama yule mkubwa wa Kizungu na daftari la siku 12, na mimi ni mjukuu wa kuli.

Mwalimu wa darasa lile amebadilisha daftari lake sasa. Mahali pa "hayupo" pana nafasi tatu: mgonjwa, amepata kazi, anangoja kazi.

Kwa somo lijalo, kila mmoja achore jedwali la siku 14 katika daftari lake. Kila siku andika saa ulizofanya kazi, saa ulizongoja, na fedha ulizopata. Kama hukupata kitu, usiache wazi, andika 0. Pembeni andika kama ulikula mchana, na kama ulilala vizuri. Asiyejua kuandika bado amwambie jirani yake amwandikie, na aliye mbioni aandike kwa mistari tu, mstari mmoja kwa kila saa. Mkikutana, kila mtu asome yake kwa sauti, na mwalimu ajumlishe ubaoni saa za kungoja za darasa zima. Yule mama amekwisha kuanza. Jana alinionyesha: saa 31 za kungoja katika siku 6, na saa 14 za kazi.

Kwaherini mpaka wiki ijayo.